Mwaka wa Uji Mweupe

Siku tuliyomzika Dada Hawa, kabla hajaoshwa, walinituma nikashushe picha sebuleni. Kwetu hatuachi picha za watu ukutani wakati maiti iko ndani ya nyumba, na kwa kuwa sasa mimi ndiye mkubwa aliyebaki, kazi hiyo ikanikuta nikiwa bado na vumbi la safari kwenye kanga. Nyumba ni ya Rehema, binti yake dada, huko Nzuguni, Dodoma, ina vigae na makochi makubwa ambayo siku ile yalikuwa yamesukumwa uani kupisha mikeka. Nikashusha kalenda, nikashusha picha ya harusi ya Saada, binti wa Rehema, nikafika kwenye ile ya katikati, yenye fremu ya mbao iliyochakaa: mtoto wa kiume wa mwaka na kitu, kanzu nyeupe, kofia, mashavu yamejaa mpaka macho yamebanwa. Wanawake waliokuwa wanatandika mikeka waliitazama ikipita mikononi mwangu. "Maskini, alikuwa na afya mtoto huyu," mmoja akasema. "Tazama shavu hilo." Saada alikuwa amekaa pembeni amempakata mwanawe, naye ana umri uleule wa yule wa kwenye picha. "Na mimi nataka wangu anone hivyo, Bibi," akaniambia. "Nampa uji siku nzima lakini hanenepi." Nilikuwa na la kumjibu, tena la siku nyingi, ila msibani kila mtu anasema na hakuna anayesikiliza. Nikaiweka picha kifudifudi juu ya kabati, nikaenda kumwosha dada yangu.

Nimefanya kazi ya kliniki ya akina mama maisha yangu yote ya kazi, kuanzia vijiji vya Ugogo mpaka kwetu Urangi, na watoto wa ukoo huu wameniita Bibi Kidole tangu nywele zangu zikiwa nyeusi. Mtoto yeyote nikipewa nimbebe, kabla ya kumbusu nambonyeza mguu kwa kidole gumba, juu karibu na kifundo, kisha natazama. Wanadhani ni mapenzi ya kizee. Sijawahi kuwakatalia, na kweli ni mapenzi, ila ni mapenzi yenye hofu ndani yake. Mtoto wa kwenye picha ni Saidi, mtoto wa kwanza wa Dada Hawa, na mwaka ninaotaka kuusimulia ni mwaka alionona. Nasema alionona kwa sababu ndivyo tulivyosema wote, tukamshukuru Mungu kwa sauti, na kila tulipozidi kushukuru yeye alikuwa anatuaga.

Mwingereza alikuwa bado yuko Bomani. Nilipandishwa lori la ngozi za ng'ombe kutoka Kondoa, nikiwa msichana ambaye ndiyo kwanza anaanza kuona haya mbele ya watu, nikaambiwa naenda Dodoma mjini kumlea mtoto wa dada. Lori lilinuka, na dereva akacheka aliponiona naziba pua. "Zoea, binti," akasema. "Mwaka huu ngozi ndiyo biashara pekee inayokwenda vizuri." Sikuelewa. Njia nzima nchi ilikuwa nyekundu na kavu, na ng'ombe niliowaona walikuwa wamesimama tu, hawali kitu, kwa sababu hapakuwa na kitu cha kula. Mvua zilikuwa zimekuja mara moja kwa kishindo zikaondoka zisirudi, na uwele ulikuwa umekauka ukiwa chini ya goti. Niliyaona hayo yote nikayaacha nyuma kama mtoto anavyoacha mambo ya wakubwa, maana mjini kulikuwa na treni na mimi nilikuwa sijawahi kuiona treni.

Dada na mumewe walikuwa wamepanga vyumba viwili nyuma ya barabara ya maduka, si mbali na stesheni, kiasi kwamba treni ikipita vikombe vilicheza kwenye kabati. Shemeji Issa alikuwa fundi cherehani. Alishonea barazani mwa duka la Mhindi mmoja, baba wa mtoto aliyeitwa Kanta, na jioni alirudi na vipande vya uzi mwekundu na mweusi vimemng'ang'ania suruali. Chumba cha kwanza kilikuwa chao, cha pili kilikuwa cha mama yake, Bibi Mwanaidi, nami nikatandikiwa mkeka humo pamoja na Saidi. Ndipo nilipoelewa nilichoitiwa. Dada Hawa alikuwa amepata mimba ya pili wakati Saidi bado ananyonya. Wakunga vijana wa leo nikiwasimulia hucheka, lakini kwetu lilikuwa jambo zito: maziwa ya mama mwenye mimba tuliyahesabu kuwa yameharibika, na mtoto akiyanyonya husemwa amebemendwa, atadhoofika afe, na aibu yote ni ya mama aliyeshindwa kujizuia. Basi mtoto huondolewa ziwani palepale mimba inapojulikana. Bibi Mwanaidi alikuwa amekwisha kumpaka dada shubiri kwenye chuchu kwa mkono wake mwenyewe. "Mpokee mume wangu," akaniambia, akinitupia mtoto pamoja na mbeleko, kwa kuwa mjukuu wa kiume ndiye mume wa bibi. "Kuanzia leo mama yake ni wewe na sufuria." Dada alikuwa amekaa kitandani, amegeukia ukutani, kanga imemlowa kifuani.

Saidi wa siku zile za kwanza alikuwa mtoto mkorofi, nami nilimpenda kwa ukorofi wake. Alikuwa mwembamba, mweusi, nywele zake ngumu kama za baba yake, ana meno manne ambayo aliyatumia kuniuma bega. Alilia kwa hasira, akacheka kwa makelele, akatambaa mpaka kwenye banda la kuku akarudi na manyoya mdomoni. Swali la ndani ya nyumba lilikuwa moja tu, nalo lilizungumzwa asubuhi, mchana na jioni: huyu mtoto ale nini sasa? Kwetu Kondoa mtoto aliyeachishwa angepewa uji wa uwele wenye maziwa, mlenda, na kunde zilizopondwa. Hapa mjini maziwa yaliletwa na wanawake wa Kigogo kwenye vibuyu, na katika mwaka ule wanawake hao walipungua sokoni mmoja mmoja, mpaka siku tukakuta mahali pao pamekaa mtu anayeuza kamba. Uwele ukawa wa kutafuta, tena wa mawe na mchanga. Ndipo Shemeji akaja na unga mweupe.

Nakumbuka alivyoingia nao, umefungwa kwenye gazeti, akaufungua juu ya meza kama mtu anayefungua kitambaa cha bei. Ulikuwa unga wa muhogo, umekuja kwa treni kutoka pwani, laini, mweupe usio na doa. "Gusa, Mama," akamwambia Bibi Mwanaidi. "Hata poda ya kizungu haifiki hapa. Mwanangu hali tena uji wa vumbi." Bibi akagusa, akajipaka kidogo mkononi, akacheka. Dada Hawa aliukoroga ule uji jioni ileile, akautia sukari, na Saidi aliunywa mpaka akalamba kijiko, jambo ambalo kwa uwele hakulifanya kamwe. Nyumba nzima ilifurahi. Uji wa uwele una rangi ya kijivu na una chengachenga, mtoto anauma anatema, unapigana naye. Huu uliteremka wenyewe.

Lakini dada hakuwa mjinga, na nataka lieleweke hilo. Siku moja tunakula, sisi wanawake watatu kwenye sinia moja, aliuliza kwa sauti ya chini, "Mama, nikimtia karanga zilizopondwa kidogo, si itakuwa vizuri?" Bibi Mwanaidi hakuinua kichwa. "Karanga kwa mtoto asiye na magego? Unataka apaliwe?" Dada akala tonge mbili. "Basi maharage, nimchujie yale maji yake." "Yamjaze upepo tumbo." Dada akanitazama kisha akatazama sinia. "Na yai? Kuku wanataga kila siku, Mama." Hapo Bibi akaacha kula. "Hawa! Umpe yai mtoto wa kiume awe mwizi? Issa nimemlea bila yai, kafa?" Issa alikuwa barazani mwetu, tunamsikia akipiga chafya. Mayai yalikusanywa kwenye kapu nikayapeleka kwa mpishi wa Mzungu mmoja wa Bomani, na nyama, ikipatikana, ilikuwa ya wanaume, maana mtoto akila nyama anapata minyoo. Kila chakula kilichokuwa na nguvu kilikuwa na sababu yake ya kukatazwa. Uji mweupe haukuwa na sababu hata moja.

Nyuma ya duka kulikuwa na jiko la Mama Kanta, ambako nilikwenda kuchota maji kwenye pipa lao. Kanta alikuwa mtoto wa rika moja na Saidi, tulikuwa tunawalinganisha meno. Nilimkuta mara nyingi amekaa sakafuni mbele ya sahani ya bati, mama yake anamlisha kwa vidole wali uliopikwa pamoja na choroko mpaka vikapondekana, juu ametiwa samli. Choroko zile nilizijua. Zilitoka milimani kwetu, zikaja kwa lori lilelile la ngozi, watu wetu wakaziuza dukani kwao kwa magunia. Saidi mgongoni kwangu alinyoosha shingo akaitazama sahani, na Mama Kanta, ambaye Kiswahili chake kilikuwa cha dukani, akasema, "Wewe leta toto hapa. Yeye taka kula hii." Akajaza bakuli, nikaenda nalo nyumbani nimelishika kwa mikono miwili. Bibi Mwanaidi alilipokea mlangoni. Alinusa. "Choroko," akasema, "na mafuta ya watu tusiojua wanachinja vipi." Nikamwambia wale hawachinji kabisa, hata nyama hawali. "Basi hata zaidi," akasema, akalimwaga bakuli bandani. Liliendelea kuja, bakuli, kwa sababu Mama Kanta alikuwa king'ang'anizi, na kila mara liliishia bandani. Kuku wetu mwaka ule walikula vizuri kuliko Saidi.

Kisha akaanza kunona. Alianza miguuni, mikono ikafuata, na ulipoandama mwezi wa Ramadhani mashavu yalikuwa yameinuka mpaka yakambana macho. Majirani walikuja kutazama. "Mashallah, Mama Saidi, unampa nini huyu?" Na dada, ambaye kwa miezi alikuwa anatembea kichwa chini kwa ajili ya ile mimba, alinyanyua uso akasema, "Uji tu." Shemeji Issa akirudi kazini alimsimamisha mezani akatoa futi yake ya kupimia shingoni, akampima mapaja, akampima kiuno, akaita namba kwa sauti kama anampimia bwana mkubwa suti. "Kaongezeka tena! Kaptula ya juzi haimpiti!" Aliifumua pembeni akaipanua, akaifumua tena. Nywele za Saidi zikaanza kulainika, zikawa na rangi ya hudhurungi, zikalala. "Nywele za Kiarabu," Bibi akasema, akazipaka mafuta. Ngozi ikang'aa, ikawa nyeupenyeupe. Na juu ya yote akawa mpole. Hakulia tena, hakuuma mtu, hakwenda bandani. Ukimweka hapa unamkuta hapa. Nimeyataja haya mara elfu mbele ya akina mama wa kliniki, na kila mara naona uzito kuyamaliza, kwa sababu ukiyahesabu moja moja ndiyo sifa zote tulizokuwa tunawaombea watoto wetu: mnene, mweupe, nywele laini, mpole.

Mimi ndiye niliyekuwa nambeba, na mgongo haudanganywi na sifa. Alikuwa mzito, lakini ulikuwa uzito wa debe la maji, unaohama ukihama. Na alikuwa amesahau kucheka. Nilimfanyia kila mchezo ninaoujua, nikamtekenya nyayo, akanitazama tu na uso wa mtu mzima aliyechoshwa na wageni. Katika kumchezea hivyo ndipo nilipombonyeza mguu siku moja, uani, jua la asubuhi likitupiga. Niliondoa kidole gumba na alama ikabaki. Shimo dogo, la mviringo, kama unavyobonyeza unga uliokandwa. Nikangoja lirudi. Nikabonyeza jirani yake, likabaki la pili. Nikainuka nikampeleka kwa dada aliyekuwa anachambua mchele. "Dada, tazama. Ngozi yake hairudi." Dada alitazama. Naona mpaka leo ule ungo ulivyosimama mikononi mwake. Akanyoosha kidole chake akabonyeza, akaondoa, akatazama. Bibi Mwanaidi akainama kati yetu akacheka. "Si mafuta hayo! Ng'ombe aliyenona ukimgusa nundu ndivyo anavyofanya. Halima, wewe umezoea watoto wa milimani, mifupa mitupu." Dada akaendelea kupepeta. Ila tangu siku hiyo aliacha kusimama karibu futi ilipotolewa.

Mama Kanta naye aliona. Alikuja mpaka mlangoni kwetu, jambo ambalo hakulifanya kamwe, akasimama nje ya kizingiti akamgusa Saidi kwenye kope. "Iko maji ndani," akamwambia dada. Hakujua zaidi ya hapo. Alidhani ni jicho la watu, akatoa wanja akamtia doa jeusi nyuma ya sikio, kama alilokuwa nalo Kanta, akaondoka haraka. Bibi alilifuta kwa mate kabla mama wa watu hajavuka barabara. Shemeji aliporudi kulikuwa na maneno chumbani kwao, na kwa kuwa ukuta ulikuwa wa udongo niliyasikia yote. "Mpeleke kwa dresa wa hospitali," dada anasema. "Nimpeleke niseme nini? Kwamba mwanangu amenenepa? Watu watanicheka, Hawa." Kisha sauti yake ikawa laini: "Acha Idi ipite. Nimeshamkatia kanzu."

Idi ikafika. Kanzu ile ilikuwa kazi nzuri kuliko zote nilizoziona mkononi mwake, na kofia ilishonwa kwa uzi wa hariri. Alikuwa amenunua na viatu, vya ngozi nyeusi, vina kifungo pembeni. Tukaenda kwa mpigapicha sote, dada kwa mwendo wa taratibu maana tumbo lilikuwa limekua. Chumba cha picha kilikuwa na joto na pazia lililochorwa ngazi za jumba na maua ambayo hayaoti Dodoma. Saidi akakalishwa kitini. Shemeji akapiga magoti na viatu. Aliusukuma mguu wa kwanza, ukaishia vidoleni. Akafungua kifungo chote, akausukuma tena, na mtoto hakulia, alimtazama tu baba yake akihangaika. "Jamani, juzijuzi tu niliupima," Shemeji akasema. Alijaribu mguu wa pili. Kisha akacheka, akageuka akatuangalia, akacheka zaidi. "Amenipita fundi!" Mpigapicha akasema basi apigwe hivyohivyo, miguu mitupu. Akaingia chini ya kitambaa chake cheusi, akatoka, akamsifu. "Watoto wote wanatikisika, picha inaharibika. Huyu naona ametulia kama sanamu." Dada alikuwa amevishika vile viatu kifuani. Mwanga ulipowaka mimi nilipepesa, dada akapepesa, Saidi hakupepesa.

Idi ilipopita alishikwa na kuhara na homa, ndipo wakampeleka kwa dresa. Alipewa dawa ya minyoo na dawa nyingine nyeupe ya kunywa. Sijui ni dawa au ni mwili wenyewe ulichoka kushika yale maji, lakini yalianza kutoka. Ndani ya siku chache uvimbe wote uliondoka, na ndipo tulipomwona Saidi. Sina namna nyingine ya kulisema. Mtoto tuliyekuwa tunamsifu aliondoka, na chini yake akatokea mwingine ambaye alikuwa humo siku zote, ngozi imemlegea kama nguo ya kuazima, mbavu, magoti, uso wa kizee. Bibi Mwanaidi alitoa kelele akakaa chini.  Dada alimpakata, akaomba ule uji, akautazama ndani ya bakuli muda mrefu, akauweka kando. Kisha akamwambia mkwewe, kwa heshima yote, "Mama, naomba yai." Yai likachemshwa, Bibi mwenyewe alilichemsha. Saidi hakuweza kulimeza. Alikufa adhuhuri ya siku iliyofuata, mapajani kwa mama yake, adhana ikiwa inaanza. Viatu vilikuwa bado juu ya kabati.

Watu wakasema amebemendwa. Walisema taratibu, kisha wakasema kwa sauti, na Bibi Mwanaidi, ambaye alimpenda yule mtoto kuliko macho yake, ndiye aliyesema zaidi, kwa sababu alihitaji pawe na wa kulaumiwa. Dada Hawa aliinamisha kichwa akaipokea lawama. Rehema alizaliwa mvua zilipoanza. Dada alimnyonyesha mpaka akaweza kuomba ziwa kwa maneno, akamtafunia karanga akamtia kinywani, akampa mayai mbele ya mkwewe, na unga mweupe haukuingia tena katika sufuria yake. Shemeji aliponunua, dada aliutumia kukazia kola za mashati.

Mimi nilikuja kusoma, nikaajiriwa, nikajifunza jina la ugonjwa ule: kwashakoo. Nilijifunza kwamba haukuwa na uhusiano na maziwa ya mimba, na kwamba kama tungemwacha anyonye, au tungempa lile bakuli la choroko, huenda Saidi angeshonewa suti na baba yake. Nilitaka kumwambia dada. Nilidhani nitamtua mzigo. Siku moja alikuja kliniki yetu na mtoto wa kwanza wa Rehema, akakaa kwenye benchi na akina mama wengine, wakati mimi nimemshika mtoto wa mwanamke mmoja kutoka Kongwa, nawaonyesha. Nikabonyeza mguu, nikaondoa kidole, nikasema, "Huu si unene wala mafuta. Hii ni njaa ya mtoto anayeshiba." Nilipoinua macho, dada alikuwa ameinamia mguu wa mjukuu wake, amebonyeza. Baadaye nikamfuata chini ya bati la jikoni, nikamwambia, "Dada, hukumbemenda. Haikuwa mimba." Alinishika mkono kwa nguvu mpaka ukaniuma. "Nyamaza, Halima," akasema. "Acha iwe mimba. Mimba aliileta Mungu. Uji niliukoroga mimi." Hatukuzungumza tena habari hiyo mpaka alipokufa, na tulikuwa watu wa kuzungumza kila kitu.

Tulipotoka makaburini, watu wamepungua, nikarudi sebuleni kurudisha picha ukutani. Nilipoigeuza ile ya Saidi, misumari ya nyuma ililegea na ubao ukaniangukia mkononi. Miaka mingi nilikuwa nimeiona picha hiyo inaishia magotini, kwenye pindo la kanzu, nikadhani kumbukumbu yangu ndiyo inayokosea, au wadudu wameila chini. Haikuliwa, na dada hakuikata. Aliikunja. Aliikunja kwa ukucha, mstari ulionyooka, akaipeleka miguu ya mwanawe nyuma ambako hataiona mtu, akapigilia ubao. Lazima alifanya hivyo baada ya siku ile ya kliniki. Mtu anayetaka kusahau angechukua mkasi. Nikasimama pale nikalia kilio ambacho sikulia kaburini, na sikuona haya.

Saada alikuwa ameingia na mwanawe begani, mtoto wa kimjini, amevaa soksi za rangi zenye vichwa vya sungura, na Saada mkononi ana chupa ya uji mweupe usio na kitu. Akanikuta naikunjua picha. Nilifikiri kwanza niirudishe kama dada alivyotaka, na namwomba anisamehe kwa kuwa sikuirudisha. Nilimpa. Aliipeleka dirishani. Aliitazama sana, juu mpaka chini, kama mtu anayetafuta kosa kwenye nguo mpya.

"Bibi," akasema, "kavaa yote haya, kanzu, kofia. Mbona hana viatu?"

"Alinunuliwa," nikamwambia. "Havikumwingia."

Saada alinitazama, akaitazama tena ile miguu. Kisha akakaa chini kwenye mkeka, akaweka chupa kando, akaanza kumvua mwanawe soksi.